Simva, atorva, rosuva au prava? Kichwa ni kimoja, mkia ndo unaochagua

Mtu akiandikiwa statini, yani dawa ya kushusha kolesteroli, swali linalomtoka kwanza ni "ipi kali kuliko zote", na mi kila nikilisikia naona tunaanzia mwisho. Statini zote zinakaba kimeng'enya kilekile kimoja, kwa hiyo kwa kazi yenyewe ni ndugu wa baba mmoja, ila kila moja ina kipande chake cha umbo kinachoitofautisha na wenzake, na hicho kipande ndo kinaamua dawa inaingia kwenye seli gani, inavunjwa na nani, inakaa mwilini masaa mangapi na inagombana na dawa gani nyingine unazomeza. Ndo maana swali langu la kwanza huwa ni unameza nini kingine, la pili ni LDL yako, ile kolesteroli mbaya ya kwenye damu, inatakiwa ishuke kiasi gani, na ukishajibu hayo mawili swali la ukali mara nyingi limeshajijibu lenyewe.

Kabla ya kuzishindanisha lazima tuone zinakaba wapi, maana bila hapo hutaelewa kwanini moja inamfaa huyu na haimfai yule.

Kiwanda chenyewe

Kolesteroli nyingi mwilini mwako hujaila, umeitengeneza mwenyewe, na ini ndo fundi mkubwa. Molekuli moja ya kolesteroli ina kaboni 27 na zote chanzo chake ni kitu kidogo sana kinachoitwa asetili-CoA, ambacho kinabeba kaboni 2 tu. Konrad Bloch na Feodor Lynen walipewa Nobel mwaka 1964 kwa kufuatilia hiyo safari. Asetili-CoA mbili zinaungana, ya tatu inakuja, unapata HMG-CoA yenye kaboni 6 kwenye kile kipande chake, alafu kimeng'enya kinaitwa HMG-CoA riduktasi kinaipunguza kwa kutumia NADPH mbili inakua mevaloneti. Mevaloneti inapoteza kaboni moja inabaki na 5, hizo tano tano zinaunganishwa, 10, 15, alafu 15 mbili zinagongana kichwa kwa kichwa unapata skwaleni yenye 30, mnyororo mrefu ambao unapewa oksijeni na kujikunja wenyewe kuwa pete nne kwa mkupuo mmoja, hapo inaitwa lanosteroli, na kutoka lanosteroli bado kuna hatua karibu 19 za kukata na kurekebisha mpaka ufike kolesteroli. Ukihesabu toka mwanzo umetumia asetili-CoA 18 kwa molekuli moja! Mwili haufanyi kazi ya gharama hiyo bila kuilinda, na mlinzi amewekwa kwenye HMG-CoA riduktasi, hapo ndo penye geti la polepole kuliko yote.

Kukaba mwanzo au kukaba mwisho

Huu ndo ulinganisho wa kwanza na kwangu ndo wenye funzo kubwa, maana kuna watu walijaribu kukaba mwisho wa njia. Dawa iliitwa triparanoli, ilikua inazuia hatua ya mwisho kabisa, ile ya desmosteroli kugeuka kolesteroli. Kwa karatasi ilionekana safi, kolesteroli ilishuka. Ila desmosteroli ikawa inarundikana, na ni kitu cha mafuta chenye pete zake zote nne, hakina pa kwenda, watu wakapata mtoto wa jicho, nywele zikakatika, ngozi ikaharibika, na mwaka 1962 dawa ikaondolewa sokoni.

Ukikaba kwenye HMG-CoA riduktasi kinachorundikana ni HMG-CoA, na hiyo ni kitu kidogo kinachopenda maji, mwili una njia zake za kuivunja ikarudi kutumika kwingine, haina madhara ya kujazana. Kwa hiyo mtu akikuuliza kwanini statini zimedumu na triparanoli ikafa, jibu ni kwamba geti lililochaguliwa halileti takataka nyuma yake.

Gharama ipo lakini, na nisingependa uambiwe vinginevyo. Mevaloneti haizai kolesteroli peke yake, inazaa pia CoQ10 inayotumika kwenye mitambo ya nishati ya seli, inazaa dolikoli, inazaa mikia ya farnesili inayobandikwa kwenye protini ili zikae kwenye utando. Ukikaba juu unapunguza vyote kidogo. Watu wengi wanadhani maumivu ya misuli yanatokea hapo, na kweli CoQ10 kwenye damu hushuka ukiwa kwenye statini, ila majaribio ya kuwapa watu vidonge vya CoQ10 yametoa majibu yanayopingana, kwa hiyo mi siwezi kumwambia mtu atumie hela yake hapo kwanza.

Na kuna ya tatu sasa, asidi ya bempedoiki, yenyewe inakaba juu zaidi hata ya HMG-CoA, kwenye kimeng'enya kinachotoa asetili-CoA kwenye sitreti. Nitairudia chini kwa wale ambao statini imewakataa.

LDL inashukaje hasa

Wengi wanadhani LDL inashuka kwa sababu tu ini limepunguza kutengeneza. Sio hivyo tu. Ini likiona kolesteroli ndani ya seli imepungua linatuma protini inaitwa SREBP-2 kwenye kiini cha seli, jeni zinawashwa, vipokezi vya LDL vinaongezeka juu ya seli, na vipokezi hivyo ndo vinavyoivuta LDL toka kwenye damu. Michael Brown na Joseph Goldstein walipata Nobel 1985 kwa kazi ya hivyo vipokezi. Kwa hiyo statini inalitia ini njaa, njaa inalifanya lifungue milango mingi zaidi.

Ila SREBP-2 hiyohiyo inawasha pia jeni la riduktasi yenyewe, yani seli inatengeneza zaidi kile unachokizuia, na inawasha PCSK9, protini ambayo kazi yake ni kuviharibu vipokezi. Ndo maana ukiongeza dozi mara mbili hupati mara mbili ya faida, unapata kama asilimia 6 tu ya ziada. Hii namba 6 ishike, itatusaidia mbele.

Kichwa kimoja

Mwaka 1971 Akira Endo pale Sankyo, Japani, alianza kupekua fangasi akitafuta kitu cha kuzuia riduktasi, wazo lake lilikua kwamba huenda kuna kuvu anayejilinda kwa kuwanyima vijidudu wengine vitu vinavyotokana na mevaloneti. Walipima aina zaidi ya 6000 mpaka wakaipata kompaktini kwenye Penicillium citrinum. Kompaktini yenyewe haikufika sokoni ila ndo mama wa familia yote.

Ukiichora kompaktini utaona kichwa chake kinafanana na mevaloneti, ile yenye OH mbili na asidi pembeni. Kimeng'enya kinadanganyika kinakishika kama mzigo wake wa kawaida. Tofauti ni jinsi kinavyoshika, HMG-CoA inashikwa kwa kiwango cha maikromola lakini statini inashikwa kwa nanomola, yani mara elfu na zaidi, ikiingia haiachii kirahisi. Mwaka 2001 Eva Istvan na Johann Deisenhofer walionyesha picha za fuwele za kimeng'enya kikiwa na statini sita tofauti ndani yake, na zote kichwa kimekaa palepale pa HMG-CoA. Kilichotofautiana ni mkia. Kuanzia hapa tunalinganisha mikia.

Lova na simva

Hizi mbili nazipita haraka. Lovastatini ilitoka kwa fangasi Aspergillus terreus, Merck ndo waliitoa, na ilikua statini ya kwanza kuruhusiwa Marekani mwaka 1987. Simvastatini ni lova iliyoongezwa metili moja tu kwenye kile kipande cha pembeni, kaboni moja na haidrojeni zake, na hiyo metili moja imeifanya iwe na nguvu karibu mara mbili kwa miligramu. Zote zinamezwa zikiwa zimefungwa, kichwa chake kimejikunja pete, haziwezi kukaba kitu mpaka mwili uifungue hiyo pete. Ukiwa na uwezo wa kupata simva sioni sababu ya kuchagua lova, labda tu kama lova ndo iliyopo, na ikiwa ndo hiyo basi imeze na chakula cha jioni kwa sababu tumbo tupu inaingia kidogo.

Simva na atorva, hapa ndo watu wengi wanakosea

Simva ina historia nzito na naiheshimu. Utafiti wa 4S wa mwaka 1994, watu 4444 wenye ugonjwa wa moyo, ndo ulioonyesha wazi kwamba kushusha kolesteroli kwa statini kunapunguza vifo vya jumla, kwa asilimia 30, kabla ya hapo madaktari wengi walikua bado wanabisha. Na simva ndo iliyoingia kwenye orodha ya dawa muhimu ya WHO kuiwakilisha familia. Kwa hiyo sio dawa ya kudharau.

Shida yake iko kwenye mkia. Ni mkia wa mafuta mtupu, pete mbili zilizoungana na tawi la esta, na ini linaukabidhi kwa kimeng'enya CYP3A4 ambacho kinaikata karibu yote kabla haijafika kwenye damu, inayopita hai haifiki hata asilimia 5. Sasa fikiria, kama asilimia 95 inachinjwa getini na mtu akaja akamfunga mlinzi mikono, dozi inayoingia kwenye damu inaweza kupanda mara kumi na zaidi bila wewe kuongeza kidonge hata kimoja. Na wanaomfunga mlinzi ni dawa za kawaida tu, klarithromaisini na eritromaisini za vifua, itrakonazo na ketokonazo za fangasi, ritonaviri na kobisistati za virusi, na hata juisi ya balungi ikinywewa nyingi. Kwa hizo dawa nilizotaja simva hairuhusiwi kabisa, haipunguzwi, inasimamishwa.

Kinachoniuma zaidi ni amlodipini, kwa sababu mtu mwenye kolesteroli mara nyingi ana presha na amlodipini ndo dawa ya presha ya kila mahali. FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, inasema ukiwa kwenye amlodipini simva isizidi miligramu 20, na ukiwa kwenye verapamili au diltiazemu isizidi 10. Nimeshakutana na mtu mzima mmoja aliyekua anameza simva 40 pamoja na amlodipini kwa muda mrefu bila mtu kumwambia kitu, alafu akapewa klarithromaisini ya kikohozi, siku chache baadae mapaja yanamuuma hawezi kuinuka kwenye kiti na mkojo umekua kahawia nzito. Huo ndo mkojo wa misuli inayovunjika, protini ya misuli inamwagika kwenye damu inaenda kuziba figo. Alipona, lakini ile picha haijanitoka, na hakuna hata dawa moja kati ya zile ambayo peke yake ilikua mbaya.

Atorvastatini je? Bruce Roth aliitengeneza mara ya kwanza 1985, ikaruhusiwa Marekani mwishoni mwa 1996, na yenyewe haina asili ya fangasi, imejengwa maabara toka mwanzo, katikati ina pete ya piroli na pembeni fenili yenye florini. Inamezwa ikiwa imeshafunguka, haihitaji kuamshwa. Nayo inapita CYP3A4, hilo ni kweli, ila haitegemei kwa kiwango cha simva, na ikikatwa vipande vyake bado vinafanya kazi, sehemu kubwa ya kukaba kimeng'enya inafanywa na hivyo vipande. Kwa hiyo ukipewa klarithromaisini unaweza kubaki kwenye atorva ila isizidi miligramu 20. Nusu-maisha yake, yani muda wa dawa kupungua nusu mwilini, ni masaa kama 14 wakati simva ni kama 2 au 3, na ndo maana simva unaambiwa umeze usiku, ini linatengeneza kolesteroli zaidi usiku, dawa ya masaa mawili ukiinywa asubuhi usiku haipo kazini, wakati atorva unameza saa yoyote unayoikumbuka.

Kuhusu nguvu, utafiti wa STELLAR wa 2003 uliziweka pamoja na LDL ilishuka hivi, simva miligramu 10 asilimia 28, 20 asilimia 35, 40 asilimia 39. Atorva 10 asilimia 37, 20 asilimia 43, 40 asilimia 48, 80 asilimia 51. Yani atorva 10 iko karibu na simva 40. Umeona na hatua zinavyozunguka karibu na ile namba 6 kila dozi ikiongezwa mara mbili. Simva 80 ilifika 46 lakini usiiulizie, mwaka 2011 FDA waliiwekea kizuizi asianzishiwe mtu mpya kwa sababu ya misuli, na utafiti wa SEARCH ulionyesha watu wenye tofauti fulani kwenye jeni la SLCO1B1, jeni la mlango unaoiingiza statini kwenye ini, hatari yao kwa dozi hiyo ilipanda zaidi ya mara nne kwa kila nakala ya jeni hilo.

Uamuzi wangu hapa ni mwepesi: kama unatumia dawa ya presha, au una ugonjwa unaokufanya uandikiwe antibayotiki mara kwa mara, na zote mbili unaweza kuzipata, chukua atorva. Kama simva ndo iliyopo, 20 usiku ni dozi nzuri tu, usikubali kupandishwa kwenda 40 na zaidi bila orodha yako ya dawa kuangaliwa.

Atorva na rosuva

Hapa ushindani ni wa kweli. Rosuvastatini ilianzia Shionogi Japani, AstraZeneca wakaiendeleza, Marekani iliruhusiwa 2003. Kwenye mkia wake kuna kipande chenye salfa, salfonamidi, ambacho kinaongeza kamba nyingine ya kujifunga kwenye kimeng'enya, na kwenye zile picha za fuwele ndo iliyoonekana imejishikiza sehemu nyingi kuliko wenzake wote. Kipande hichohicho kinaifanya ipende maji kuliko mafuta, kwa hiyo haiingii ovyo kwenye seli yoyote, inahitaji mlango, na milango hiyo imejaa kwenye ini. Na kwa sababu inapenda maji ini halihangaiki kuikata, kama asilimia 10 tu ndo inavunjwa na hiyo inapitia kimeng'enya kingine, CYP2C9, CYP3A4 karibu haihusiki. Nusu-maisha yake ni masaa kama 19.

Kwenye STELLAR rosuva 10 ilishusha LDL asilimia 46, 20 asilimia 52, 40 asilimia 55. Yani rosuva 10 inasimama pembeni ya atorva 40. Ukiishia hapo utasema rosuva imeshinda, na wengi wanaishia hapo.

Ila angalia na upande wa pili. Rosuva inategemea figo zaidi ya atorva, figo zikiwa zimechoka sana, usafishaji chini ya mililita 30 kwa dakika, unaanza na 5 na haizidi 10, wakati atorva inatoka na nyongo, kwenye mkojo haifiki asilimia 2, hivyo mgonjwa wa figo hahitaji kubadilishiwa dozi. Watu wenye asili ya Asia wanapata kiwango cha rosuva kwenye damu karibu mara mbili, wanaanzia 5. Dawa za kiungulia zenye aluminiamu na magniziamu zinaizuia rosuva isiingie, inapungua nusu, kwa hiyo unameza rosuva kwanza na dawa ya tumbo masaa mawili baadae. Saiklosporini ya waliopandikizwa kiungo inaipandisha sana. Na kama upo kwenye warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, pima INR, kipimo cha kuganda kwa damu, unapoanza na unapobadilisha dozi.

Alafu kuna utafiti wa LODESTAR, 2023, Korea Kusini, watu 4400 wenye ugonjwa wa mishipa ya moyo wakagawanywa rosuva na atorva miaka mitatu, na mwisho wa siku vifo, mshtuko wa moyo, kiharusi na upasuaji wa mishipa vikawa karibu sawa, asilimia 8.7 kwa rosuva na 8.2 kwa atorva. LDL ya rosuva ilikua chini kidogo ila kisukari kipya na upasuaji wa mtoto wa jicho vilikua vingi kidogo upande wake. Mi hapo ndo nilipoacha kabisa kubishana ipi bora kati ya hizi mbili. Figo mbovu, atorva. Dawa nyingi za CYP3A4 na figo nzima, rosuva. Vyote sawa, chukua utakayoweza kuimeza kila siku bila kukatiza, kwa sababu LDL inarudi palepale wiki chache baada ya kuacha.

Prava na pita, kwa mwenye mfuko wa dawa uliojaa

Pravastatini ni kompaktini ambayo bakteria wameibandika OH moja kwenye mkia. Hiyo OH moja tu imeigeuza toka kupenda mafuta kuwa ya kupenda maji, na vimeng'enya vya CYP vinaiacha ipite. Pitavastatini yenyewe ni ya maabara, pale ambapo atorva na rosuva zina isopropili yenyewe wameweka saiklopropili, pete ndogo ya kaboni tatu, na hiyo pete inaikinga na CYP vilevile. Japani iliingia 2003, Marekani 2009.

Zote mbili ni za mtu mwenye dawa nyingi zinazogombana. Tofauti yao ni kwamba prava ni dhaifu, STELLAR iliipa asilimia 20 kwa miligramu 10 na 30 kwa 40, wakati pita kwa miligramu 1 mpaka 4 tu inakaa kwenye kundi la kati, kati ya asilimia 30 na 49. Pita ina sifa nyingine, utafiti wa REPRIEVE wa 2023, watu 7769 wanaoishi na VVU kwenye nchi 12, waliopewa pita walipata matukio ya moyo pungufu kwa asilimia 35 ukilinganisha na kidonge kitupu kisicho na dawa. Kwa anayetumia ARV zenye ritonaviri au kobisistati hii ni habari kubwa, maana simva na lova kwake ni marufuku kabisa. Ila pita na saiklosporini hazichanganywi, na figo zikiwa dhaifu inaanzia 1 na inaishia 2. Mi ningeweka pita mbele ya prava kila inapopatikana.

Fluvastatini ilikua ya kwanza kutengenezwa maabara yote, inapita CYP2C9, ni dhaifu, sina la kuongeza.

Ila serivastatini lazima niitaje japo huwezi kuipata tena, kwa sababu inajibu lile swali la "ipi kali". Ilikua inafanya kazi kwa dozi chini ya miligramu moja, hakuna iliyoifikia kwa miligramu. Agosti 2001 ikaondolewa duniani, vifo 52 viliripotiwa, wengi misuli ilivunjika na baadhi walikua wanatumia pamoja na gemfibrozili, dawa ya kushusha trigliseridi, mafuta mengine ya kwenye damu, ambayo iliifungia njia ya kutokea. Mpaka leo gemfibrozili na statini havikai pamoja vizuri, ukihitaji dawa ya trigliseridi fenofibreti ni afadhali.

Misuli inauma, nibadilishe?

Nadharia ni kwamba za kupenda mafuta zinapenya kwenye misuli na za kupenda maji zinabaki ini, na ndo maana mtu akilalamika wanamhamishia rosuva au prava. Inasaidia baadhi, sio wote, na dozi na dawa mnazochanganya zina uzito kuliko mkia. Utafiti wa SAMSON wa 2020 uliwachukua watu 60 walioacha statini kwa sababu ya madhara, wakapewa mwezi statini, mwezi kidonge kitupu, mwezi bila kitu, bila kujua kipi ni kipi kati ya vile vidonge, na asilimia 90 ya dalili mbaya walizozipata kwenye statini walizipata pia kwenye kidonge kitupu. Usisome hapo kwamba watu wanadanganya, maumivu yalikuwepo kweli na yaliwatesa, ila kidonge sio kila mara ndo mkosaji. Nusu yao walirudi kwenye statini wakaendelea. Kwa hiyo kwa maumivu ya kawaida, isimamishe kwa muda ukiongozwa na daktari wako, pima CK, kimeng'enya kinachovuja toka kwenye misuli, rudi kwa dozi ndogo au mkia mwingine. Udhaifu mkali na mkojo mweusi, simamisha leo na nenda hospitali leo.

Na kama kweli imekukataa, linganisha ezetimibe na asidi ya bempedoiki. Ezetimibe inazuia kolesteroli kuingia kutoka utumbo, inashusha LDL karibu asilimia 20. Bempedoiki inashusha karibu kiasi hicho na uzuri wake ni kwamba inahitaji kuamshwa na kimeng'enya ambacho ini linacho na misuli haina, kwa hiyo kwenye misuli inakaa imelala, ila inapandisha asidi ya yuriki, mwenye jongo aangalie, na inapandisha kiwango cha simva pia. Mi naanza na ezetimibe. Hata kwa ambaye statini haijamkataa bado LDL haijafika, kumbuka ile namba 6: kupandisha dozi mara mbili unapata 6, kuongeza ezetimibe juu ya dozi uliyonayo unapata 20 na zaidi.

Mjamzito au anayetafuta mtoto hachagui humu, kwa wengi statini inasimamishwa, mtoto tumboni anahitaji hicho kiwanda kifanye kazi, na anayenyonyesha asubiri. Kisukari kinaweza kujitokeza mapema kidogo kwa aliyekua ameshakaribia, FDA waliongeza onyo hilo 2012, ila kwa mwenye hatari ya moyo faida bado ni kubwa zaidi, kila LDL ikishuka milimola 1 kwa lita matukio makubwa ya moyo na mishipa yanapungua karibu moja ya tano.

Ukishachagua pima tena LDL wiki ya 4 mpaka ya 12. Kama haijashuka kama nilivyoandika hapo juu, kabla hujasema dawa haifanyi kazi angalia kwanza kama simva ilimezwa asubuhi badala ya usiku, kama rosuva ilimezwa pamoja na dawa ya kiungulia, na ni siku ngapi kwenye mwezi kidonge kilibaki kwenye pakiti.